Mama Husema Hajambo

Kizota, Dodoma

Dada Sabiha, shikamoo.

Huku mdogo wako ni mtu mzito, mafundi umeme hawagusi transfoma bila mimi. Tumezifungia vipimo vya joto na mafuta. Hata ile ya Haneti ikianza kuugua, inanitumia ujumbe kabla haijaungua. Daktari mzima, kwa darasa la saba langu hili.

Mama nilimwamkia kila asubuhi, naye, "Marahaba, sijambo, punguza kitambi." Jumatatu akaanguka jikoni. Hospitali wamesema figo zilikwisha siku nyingi, alikuwa akijikaza tu. Tunalala nyumba moja, dada, na sikujua.

Simu yako haipatikani. Leo ameuliza ulipo, nikamwambia umeshapanda basi. Rudi na hilohilo lililokuletea barua hii, usinifanye mwongo.

Mdogo wako,
Amiri