Kahawa Ambayo Kompyuta Haikuiona

Mbinga,
Alhamisi, 21 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu mdogo wangu Restituta aanze kulichua kwa ile dawa ya zahanati. Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku milimani ni kali mwezi huu, lakini sweta lako linanitosha. Nimesikia pia kwamba usipa, dagaa wetu wa ziwani, umepatikana kwa wingi hapo Lituhi hata vichanja havitoshi, nikafurahi kwa ajili yako na kwa ajili ya wenzako wote mnaoanika pamoja.

Huenda ukashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako, Mama, huwa unaifungulia sauti yote, majirani wakasikiliza na kunishauri kabla wewe hujafungua kinywa. Tena kwa miezi mitano sasa nimezungumza na watu kupitia mashine kiasi cha kutosha. Neno hili nataka likufikie zima.

Jumapili uliniuliza kama barua yangu ya kuthibitishwa kazini imekwisha kutoka, nikakujibu kuwa iko mezani kwa meneja. Jibu hilo lilikuwa la kweli, ila halikuwa kamili. Iko mezani kwake, na sasa amesema hataitia sahihi mpaka niombe radhi kwa maandishi. Nami sitaomba. Naona ni haki yako kuipata sababu kutoka kwangu mwenyewe.

Unakumbuka nilivyokueleza kwa fahari kuhusu kompyuta mpya ambazo chama chetu cha ushirika kilipewa na ofisi kuu ya Songea. Zilikuja na programu ya kuandikiana ujumbe na kufanya mikutano ya video, na programu hiyo hujifungua yenyewe kabla hujakaa kitini. Hudai namba ya siri, kisha hudai namba nyingine inayotumwa kwenye simu, na mtandao ukiwa chini namba hiyo hufika wakati muda wake umekwisha. Kando ya jina la kila mfanyakazi huwaka kitone cha kijani. Ukiondoka mezani kwa dakika chache, kitone hugeuka njano, na meneja wetu, Bwana Joakim, hukuandikia kutoka chumba cha pili kuuliza uko wapi. Mimi ni ofisa ubora wa kahawa. Kazi yangu iko vijijini, kwenye vichanja. Siku nilizofanya kazi kwa bidii ndizo siku nilizoonekana mtoro. Notburga wa masjala alimwambia Bwana Joakim usoni kwamba Mungu anajua yote, lakini hajawahi kumuuliza amekaa msalani dakika ngapi. Tulicheka, naye Bwana Joakim akatukumbusha kwamba vicheko pia vina muda wake.

Hayo ningeyavumilia. Lililonishinda ni ukaguzi.

Zamani mkaguzi wa Songea, Bwana Osmund, alikuwa akija mwenyewe vijijini kabla ya lori kuchukua kahawa. Kahawa hiyo huwa imekwisha kumenywa, kuoshwa na kuanikwa, imebaki ndani ya ganda lake jembamba. Alikuwa akichota kiganja kimoja, akaitikisa karibu na sikio, akang'ata punje moja, basi. Wewe huhitaji maelezo zaidi, kwa kuwa hujawahi kununua usipa wa mtu bila kuushika na kusikiliza unavyolia. Msimu huu iliamuliwa kwamba mkaguzi abaki Songea, nasi tumwoneshe kahawa kwa video. Kipimo chetu cha unyevu, ambacho ni kimoja tu, kilipelekwa Songea mwezi wa tano ili kirekebishwe, na hadi leo hakijarudi.

Jumanne ya wiki iliyopita nilibeba kompyuta hadi kijiji cha Mkumbi. Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Tadei, alikuwa amevaa koti la kanisani kwa heshima ya mgeni ambaye angekuwa ndani ya kioo. Mama Hildegardi, msimamizi wa vichanja, alikuwa ameosha mikono mara mbili. Niliinua kiganja cha kahawa mbele ya kamera, Bwana Osmund akasema anauona uso wangu vizuri, lakini haoni kahawa. Niliisogeza, ikapotea kabisa, pamoja na nusu ya mkono wangu. Akaniagiza niitikise. Niliitikisa hata kuku wakaja, akasema hasikii kitu. Mama Hildegardi akauliza kwa upole huyo ndugu anaona nini hasa. Nilipomjibu kwamba anaona uso wangu, akasema basi na aununue huo uso, aupakie kwenye lori, sisi tubaki na kahawa yetu. Mzee Tadei alijifanya anakohoa. Bwana Osmund hakucheka, kwa kuwa hata sauti ya Mama Hildegardi haikumfikia. Aliandika kwamba ukavu haukuthibitika, kahawa ianikwe tena siku nne.

Nilimsihi. Nilimweleza kwamba kahawa iliyokwisha kukauka ikirudishwa juani, ganda hupasuka na punje huvunjika, na yenye kuvunjika hushushwa daraja. Akanijibu kwamba utaratibu ni utaratibu.

Kesho yake nilimwomba Notburga akae chumba cha pili mbele ya kompyuta yake, nami nikampigia video. Nilimimina kahawa kwenye bati mbele ya kipaza sauti. Akaniambia anasikia ninavyohema, lakini bati halisikii. Niliinua kiganja, akaona shavu langu na nyuma yake utando kama wa dirisha lenye mvuke. Ndipo nilipoelewa. Programu ile imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaokaa ofisini kutazamana. Kila kisicho uso hukifanyia utando, na kila kisicho sauti ya anayezungumza hukihesabu kuwa kelele, ikakifuta. Nilijaribu kuzima mipangilio hiyo, nikakuta imefungwa na Songea. Niliandika kuomba ifunguliwe, nikajibiwa kwamba ombi langu litashughulikiwa kwa zamu.

Bwana Joakim aliposikia, hakubisha. Alisema tu kwamba utaratibu huu umekwisha kusifiwa kwenye mkutano wa Songea, na kwamba mtumishi mwenye akili hasemi kahawa imeonewa na kompyuta. Akaniwekea mbele taarifa ya Mkumbi, inayosema kahawa ilikuwa na unyevu, nitie sahihi. Aliongeza, kwa sauti ya mzazi kabisa, kwamba kuthibitishwa kwangu kumebakiza wiki mbili, nisijikwae mlangoni.

Sikutia sahihi, na kahawa ya Mkumbi haikurudishwa juani. Jumatatu hii nilipanda basi la asubuhi kwenda Songea pamoja na Mzee Tadei na Mama Hildegardi, tukiwa na gunia moja. Kitone changu kilikuwa cha njano siku nzima. Mlinzi alituuliza kama tuna miadi. Mama Hildegardi akamwambia kwamba tulikwisha kuonana na Bwana Osmund kwenye kioo, ila yeye hakutuona, kwa hiyo tumekuja kukamilisha. Nilimwaga kahawa juu ya meza ya Bwana Osmund, juu ya karatasi zake. Aliitazama kwa muda. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe, Mama, kama wa mtu anayesalimiwa na rafiki. Alichota, akatikisa, akang'ata punje moja, akatafuta kalamu. Aliandika kwamba kahawa ya Mkumbi ni kavu. Nilipomwomba aandike pia kwamba ukaguzi wa video usimame, alisema hilo si lake, tena hajui hata nani aliubuni.

Nilinyamaza. Mzee Tadei na Mama Hildegardi walikuwa wamesimama pembeni yangu, nami nilinyamaza.

Mama, niliubuni mimi. Katika wiki yangu ya tatu kazini, nikitaka waone kwamba hawakukosea kuajiri mhitimu, niliandika pendekezo la kurasa nne kuonesha jinsi kompyuta mpya zitakavyomwondolea mkaguzi safari za vijijini. Bwana Joakim alilipeleka Songea na jina langu likiwa chini. Nilikuwa nimeijaribu video hiyo kwa uso wangu tu. Sikuwahi kuijaribu kwa kahawa.

Na kuna zito kuliko hilo. Mkumbi haikuwa ya kwanza. Mwezi wa saba tulikagua kahawa ya kikundi cha Mama Avelina, ng'ambo ya bonde, na Bwana Osmund akasema vilevile kwamba haoni wala hasikii. Mimi nilikuwa nimekwisha kuing'ata kahawa ile. Ilikuwa kavu. Hata hivyo nilitia sahihi kwamba ina unyevu, kwa sababu utaratibu ulikuwa wangu, na sikutaka uonekane umeshindwa siku yake ya kwanza. Waliianika tena kama nilivyowaagiza. Ilipasuka, ikashushwa hadi daraja la chini. Mama Avelina alinishukuru kwa kuwafundisha, akanifungia mahindi mabichi ya njiani. Niliyala.

Sasa Bwana Joakim anataka nieleze kwa maandishi kwa nini niliondoka bila ruhusa, na niombe radhi, mwisho kesho. Barua hiyo nimekwisha kuiandika. Nimesema niliondoka kwa sababu kahawa haikuweza kwenda peke yake. Nimesema pendekezo la ukaguzi wa video ni langu, ni bovu, na ninalifuta. Nimesema taarifa ya kikundi cha Mama Avelina niliyoitia sahihi ni ya uongo, nikaomba daraja lao litazamwe upya. Radhi sikumwomba Bwana Joakim, kwa kuwa si yeye niliyemkosea. Nakala nimepeleka Songea kwa mkono wa dereva wa basi, si kwa programu.

Notburga anasema nimejichongea. Huenda ni kweli. Lakini sikusoma miaka mitatu chuoni ili niwe mtu wa kuchunga kitone kisigeuke njano. Kama watanithibitisha, wamthibitishe mtu aliyeandika barua ile. Kama hawatanithibitisha, nitarudi Lituhi nikiwa na cheti changu na meno yangu, na vyote viwili bado vinajua kahawa kavu.

Jumamosi, wakulima wa kikundi cha Mama Avelina wanakutana baada ya misa ya asubuhi. Nimeomba nafasi ya kusema, nao wamenipa, wakidhani ninakuja kufundisha. Nitawaambia yote mbele ya watu, kisha nitakaa nisikie watakachosema, kwa urefu wowote watakaotaka.

Nisalimie Restituta, na umwambie asiache shule kwa sababu ya habari zangu. Wasalimie wenzako wa vichanjani, na Katekista Bartholomayo, ambaye amekubali kuileta barua hii bila kuuliza imebeba nini. Ukinikasirikia, niandikie hivyo hivyo. Nitaisoma hadi mwisho.

Ni mimi binti yako, niliyetia sahihi hii kwa hiari,

Emiliana Bernadi