Mabaka Meupe Mikononi Mwangu

Ujerumani,
Jumapili, baada ya misa

Mume wangu Baba Neema,

Hujambo huko Runazi? Neema hajambo? Goti la mama mkwe linaendeleaje na mvua hizi? Na mahindi ya bondeni yamesimama, au maji yameyalaza? Mimi nipo. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa hilo tu namshukuru Mungu.

Barua hii nitampa Sista wa Rulenge aliyekuwa masomoni huku, sasa anarudi nyumbani. Nitaifunga kwa gundi na kumwomba akukabidhi wewe mwenyewe. Isome ukiwa umekaa.

Mwezi uliopita uliniuliza kwenye simu, "Mama Neema, mbona siku hizi kamera huwashi?" Nikakujibu mtandao mbaya. Ukasema polepole, "Kama kuna mtu mwingine, niambie tu nijue." Nikakata simu, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, nililia. Hakuna mtu, Baba Neema. Kuna ugonjwa, na nimekuficha tangu mwaka jana.

Unakumbuka lile doa jeusi kwenye kisigino changu cha kushoto? Lile ulilolichokonoa kwa pini pale uani, ukasema, "Kijiti hiki kimezama sana." Nilikuja nalo huku, likawa linapanuka kidogo kidogo, nami nalificha ndani ya soksi. Siku moja, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nilikuwa namwogesha bibi mmoja nikalowa, nikavua viatu nikaushe miguu. Muuguzi mkuu akaona.

"Hili unalo tangu lini?"

"Tangu nyumbani. Ni kijiti."

"Hiki si kijiti, Anastazia. Kesho huji kazini. Unaenda hospitali."

Walikata kipande wakakipima. Ni saratani ya zile seli zinazotupa rangi ya ngozi, wanaiita melanoma. Nilimwambia daktari nilidhani saratani ya ngozi ni ya Wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino. Akasema sisi weusi hii hutushika zaidi nyayoni na chini ya kucha, mahali ambapo hakuna anayepaangalia. Nikamwuliza na habari ya pini, maana najua utajiuliza. Alisema pini haikuileta. Kwa hiyo hilo usilibebe.

Wakanikata kisigino, wakachukua ngozi ya paja wakaibandika pale. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshatembea. Nilikuwa na mtoki kwenye kinena, nikidhani ni wa kidonda, kumbe haukuwa wa kidonda, na kwenye pafu walikuta vivimbe viwili.

Nilimwuliza daktari, "Si mnasema mwili una askari wake? Walikuwa wapi?" Akasema walikuwepo, wamejaa kuuzunguka uvimbe, ila wamesimama tu. Mwili umewawekea askari hao kizuizi ili wasije wakamgeukia mwenye mwili, na seli za saratani zimejifunza kukitumia kizuizi hichohicho kuwatuliza. Nikaelewa kwa mambo ya kwetu: ni mwizi wa ng'ombe aliyejifunza filimbi ya sungusungu wanaolinda kijiji. Anapuliza ile ya kusema kumetulia, nanyi mnarudi majumbani huku ng'ombe wanaondoka. Dawa ninayowekewa kwa dripu haiui saratani yenyewe. Inamnyang'anya mwizi filimbi, kazi wanaifanya askari wangu.

Tatizo ni kwamba wakiamka hawachagui vizuri. Walianza na tumbo. Niliharisha wiki mbili, dawa ikasimamishwa, nikalazwa. Kitandani pale nilitamani michembe ya viazi ya mama mkwe mpaka nikaisikia harufu yake, nikageuka nimwambie mtu, nikakuta ukuta. Watu wa huku ni wema, lakini hakuna anayeniita Mama Neema. Unajua sisi, wewe Msukuma na mimi Mhangaza, Kiswahili ndicho tulichojengea nyumba. Siku hizi nakizungumza peke yangu nikipika. Nakuuliza kama chumvi imetosha, halafu nasubiri.

Dawa iliporudishwa ndipo yakaanza mabaka. Yalianza kwenye vidole, yakaja pembeni mwa mdomo, kisha yakazunguka macho. Meupe, kama mbalanga. Mzee mmoja niliyezoea kumlisha alikataa nisimshike. Siku hiyo ndiyo niliyoacha kuwasha kamera. Nilijua Runazi watasema ni ukoma, au nimerogwa, au nimejichubua kwa mkorogo wa Ulaya. Hao ningewavumilia. Niliogopa uso wako wewe ukiniona.

Nikaenda kwa daktari nimevaa glavu. Akasema, "Vua, unyooshe mikono." Akaitazama, akatabasamu. Hasira ikanipanda.

"Daktari, unachekea nini? Mimi naharibika!"

Akaweka kalamu chini. "Samahani, mama. Sikucheki. Saratani yako ilitoka kwenye seli za rangi. Askari wanaoziwinda sasa wanapiga mpaka zile nzima. Siwezi kukuahidi kitu, lakini mara nyingi hii ni dalili kwamba wameamka kweli."

Wiki iliyofuata wakanipiga picha. Mtoki umeisha. Pafuni, kivimbe kimoja hakionekani tena, na cha pili kimebaki kama punje ya mtama. Nilimwuliza, "Nimepona?" Hakusema ndiyo. Alisema tutaendelea kuangalia. Mabaka yenyewe huenda yasiondoke tena.

Basi huyo ndiye mke wako sasa, Baba Neema. Nachechemea, na nina rangi mbili. Nimekuficha kwa sababu ulikuwa mbali na usingeweza kunishika mkono, nikaona bora niogope peke yangu kuliko tuogope wawili. Nilikosea. Nisamehe.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu, na umweleze taratibu, usimstue. Wifi yangu mwambie asante kwa kumsuka Neema kila Jumamosi. Neema mwambie wewe mwenyewe, asije akayasikia kisimani. Na ukipata nafasi ya kufika Bukiriro, msalimie mama yangu mzazi, umwombe kaka aziangalie nyayo za mama, na zake mwenyewe pia. Wakiona doa jeusi linalokua, wasichokonoe wala wasipake dawa ya mitishamba, waende hospitali.

Daktari ameniruhusu wiki tatu kati ya dripu na dripu. Nilikuwa nimepanga kusubiri mkataba uishe, lakini nataka kuja nikiwa natembea mwenyewe. Tiketi nimeshakata. Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka nitashuka stendi ya Biharamulo kwa basi la Mwanza. Najua watataka kuja wote kunipokea. Waambie wanisubiri nyumbani. Njoo peke yako, unitazame kwanza wewe, utakavyotazama.

Mkeo,
Anastazia, Mama Neema