Mikono ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Kwa huzuni kuu natangaza: leo, kwenye somo la hapa karakanani, mbele ya mafundi cherehani kumi na wawili, nimeangushwa na neno la herufi mbili. Nimeandika suruali za mteja zitakuwa tayari "in Friday". Mwalimu wa Kiingereza akacheka kwa adabu. Wifi — dada wa mume wangu, niliyemfundisha mimi kushika sindano! — akacheka bila adabu. Eti suruali zikishaingia ndani ya Ijumaa zitatokea wapi? Nami nikacheka. Kwa meno tu.

Bosi anatafuta mtu wa mapokezi, wa kuandika oda na tarehe za wateja wa kigeni. Atakayechaguliwa anaaga cherehani. Mgongo wangu umeshakubali.

Jumatano, 5 Machi

Wifi kabuni kitu. Ncha ya kidole mezani: saa — "at". Kiganja bapa: siku — "on". Mikono miwili kukumbatia hewa: mwezi, mwaka — "in". Karakana nzima ikamwiga kama kwaya. Nikauliza, na asubuhi je? Kumkomoa tu.

"Asubuhi ni ndefu, wifi yangu. Ikumbatie!"

Mwalimu akamwita profesa. Profesa! Jana kashona mfuko ukatazama nyuma.

Ijumaa, 7 Machi

Mume wangu, mdomo umejaa: dada yake ana akili tangu utotoni. Nikamuuliza, akili zilipogawiwa kwenu, wewe ulikuwa umetumwa dukani?

Hakucheka. Mimi pia sikucheka sana.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata mapokezi. Mimi! Nyumbani ni vigelegele.

Sasa niandike ilivyokuwa. Somo lilikuwa halijaanza, wifi yuko stoo anapokea vitambaa. Bosi akaingia ghafla: nani anaweza kueleza lini "at", lini "on", lini "in"? Nikasimama. Kidole, kiganja, kumbatio. Sikukosea hata moja. Bosi akauliza kama nimebuni mwenyewe. Wenzangu wakainamia cherehani zao. Nikasema ndiyo. Ulimi haukuteleza — nilisema ndiyo, kisha nikaongeza kwamba wazo lilinijia nikiosha vyombo.

Wifi alirudi akakuta makofi. Hakujua ni ya nini. Naye akapiga, kuliko wote.

Hakuna aliyemwambia. Yuko sebuleni sasa hivi na kaka yake, nami nimejifungia chumbani na daftari hili. Anagonga mlango.

"Wifi! Njoo basi utuonyeshe, bosi ulimwelezaje?"