Siku Uliyokubali Kuhesabiwa

Mama,

Ninakuandikia nikiwa mjini Isiolo. Sisi wazima. Dada Amina alijifungua salama wiki tatu baada ya kukuzika. Ni msichana, amechukua jina lako, na sasa anatembea. Pampu ya maji ya kijijini Kulamawe bado imekufa. Wanawake wanangoja lori la maji.

Juzi kulikuwa na uchaguzi mdogo wa diwani huko, nami nikatumwa na gazeti. Kufikia saa nne uwanja wa shule ulikuwa na wasimamizi wengi kuliko wapiga kura. Karani akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiita watu. Amina alikuwa anakamua mbuzi, hata hakuinua kichwa. "Mtashinda tu, hata nikilala. Juani nifuate nini?" Jirani yetu Guyo akadakia: "Karani, chukua hawa mbuzi. Watasimama mstari kukushinda wewe." Watu wakacheka. Nililoandika kwenye daftari ni kwamba karani naye alicheka.

Mwaka jana hakuna aliyecheka. Ule mlolongo unaukumbuka: hakuna karatasi wala sanduku, unasimama nyuma ya mtu aliyeshika picha ya unayemtaka, mnahesabiwa. Na wewe maisha yako yote hukukubali watu wahesabiwe, ukiamini ni mkosi. Karani wa sensa alipokuuliza una watoto wangapi ulimwambia, "Wapo. Mungu anawajua," ukampa chai.

Siku ile ulisimama nyuma ya picha ya mwalimu, kwa sababu aliahidi kufufua pampu. Karani alipita akigusa mabega kwa rula na kutaja namba kwa sauti. Amina, mimba ndiyo inaanza kuonekana, akarudi nyuma nusu hatua. Ukamshika mkono. "Leo acha watuhesabu. Leo hesabu ina kazi."

Sikuhesabu vichwa, mimi ni mwanao. Nilipima kwa hatua. Mstari wenu ulikuwa hatua sitini na nane, hadi kwenye ua wa miiba. Wa mheshimiwa mbunge, hatua kumi na moja. Msimamizi akapanda juu ya kiti, akamtangaza mheshimiwa. Mzee mmoja akapaza sauti, "Wewe bwana, macho yako iko wapi?" Askari akasogea karibu naye, mzee akanyamaza. Mlibaki mmesimama, mstari haujavunjika, kama vile msimamizi akitazama tena atauona. Halafu mkatawanyika.

Wiki hiyo nilikuletea gazeti. Ulikaa kwenye mkeka ukaniambia, "Soma ile yako." Nikasoma: mheshimiwa amerudi kwa ushindi mkubwa, uchaguzi ulikuwa wa amani. Ukangoja.

"Na sisi?"

Nikakuambia mhariri amekata. Ukasema, "Pole, mwanangu," ukanimiminia chai.

Mhariri hakukata kitu, Mama. Sikuandika. Zile hatua zilibaki kwenye daftari. Nilijiambia kazi yangu ni kuripoti kilichotangazwa, na kwa muda mrefu sentensi hiyo ilinitosha. Miezi minne baadaye ukafa, ukiamini nilijaribu.

Sisemi watu wa Kulamawe wameacha kupiga kura kwa sababu yangu. Nisijipe ukubwa. Waliona wenyewe. Lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba waliona sawasawa, na aliyekuwepo na kalamu mkononi ni mimi.

Sasa ninaandika habari ile. Jana nilimsomea Amina ukurasa wa kwanza, pamoja na uongo niliokuambia. Akamhamishia mtoto titi la pili, akasema, "Jina langu uliandike lote. Na la baba." Kama atapiga kura tena sijui, hakusema, sikumuuliza. Guyo ametoa lake pia, na wengine wawili. Idadi ya watu sitaandika. Nitaandika majina ya wanaokubali, na urefu wa mstari.

Sijui nani atachapa. Huenda nikapoteza kazi, na hilo nimeshalifikiria. Ninakuahidi kwamba ikichapwa, isipochapwa, nitakuja Kulamawe kuisoma yote kwa sauti, mbele ya wale waliosimama, na nitaanza na wewe.

Pumzika, Mama. Mungu akupe nafasi pana. Ile pole uliyonipa naomba uichukue, ilikuwa yako.

Mwanao