Chagua Yoyote, Mke Wangu

Shoga, unamkumbuka mume wa mjukuu wangu, yule wa mazingaombwe ya karata?

Nakuandikia nikiwa jikoni kwake, mlango nimeuegemea kwa mgongo.

Sebule imejaa majirani, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nilipoingia akaniita, "Bibi, wewe ndiye mke mkubwa, njoo mbele!" Nikakaa, goti langu likigusana na la mjukuu.

Akazitandaza karata. "Chagua yoyote, mke wangu."

Yoyote, shoga! Mtoto, huyu mjukuu wangu, akagusa ya pembeni. Bwana huyo, huku anawachekesha watu, akamkandamiza kidole akakisukuma hadi kwenye karata anayoitaka yeye. Nimeuona ukucha ukigeuka mweupe. Watu wakapiga makofi.

Mara ya pili vilevile. "Chagua yoyote!"

Mara ya tatu mtoto hakugusa kitu. Alimtazama mumewe usoni, akingoja kuambiwa.

Nikasingizia dawa yangu ya presha, nikamvuta huku jikoni.

"Mama, kuna nini?" nikamuuliza.

"Hamna kitu, bibi. Mcheshi tu yule."

Sikubishana naye. Nikaosha kikombe, nikaosha cha pili. Kule sebuleni mumewe akaita, "Jamani, nani kaniibia mke?" Watu wakaangua kicheko. Nikaosha cha tatu, taratibu.

Ndipo mtoto akanishika nguo kwa nyuma, kama alipokuwa mdogo.

"Bibi, nataka kurudi kwako. Leo hii, kabla watu hawajaondoka."