Lifti, Bwawa na Mtani Wangu

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimeshuka kwa lifti, nimepanda. Sikuwa na safari. Chini nilisimama kando ya bwawa la kuogelea. Maji ya kijani, hakuna mtu. Nikarudi ghorofa ya nne kulala. Moyo unapiga hovyo. Daktari ameacha kunidanganya. Namshukuru.

Jumatano, 9 Oktoba
Tangazo mlangoni. Mkutano wa wakazi Jumapili. Lifti na bwawa vinamaliza luku, umeme wa jengo, kimoja kifungwe. "Lifti ina watumiaji wachache." Hao wachache ni mimi. Wenzangu wa juu wana miguu.
Ikizimwa, sitakanyaga ardhi tena nikiwa hai. Maisha yangu yote nimewafundisha watoto wasiogope. Naogopa.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nakiri, maana muda wa kukiri umefika: napanda na kushuka bure ili lifti ionekane ina kazi. Leo nimekamatwa. Mlango umefunguka chini, kasimama Bi Somoe, mwenyekiti wetu, na kapu lake la mihogo.
"Wewe tena, mtani? Unapeleka nini huko juu, roho? Mungu kakataa kuipokea?"
Yeye Mmakonde wa Ziwani, mimi Mmakua wa Masasi, watani tangu mababu. Ana ruhusa ya kunitukana hata nikiwa mahututi, nami sina ruhusa ya kununa. Nikamjibu nafanya mazoezi ya kumkimbia. Alicheka, kisha akanitazama miguu.  Amejua ngazi siziwezi.

Jumamosi, 12 Oktoba
Jirani wa chini, mwenye gari jeupe, anapita milangoni. Bwawa ni heshima ya jengo, anasema. Hajawahi kulowesha hata kidole. Watamfuata. Sina hamu ya kula.

Jumapili, 13 Oktoba
Lazima niandike hili vizuri.
Asubuhi Bi Somoe alizima lifti, akahamishia mkutano kwenye ukumbi wa ghorofa ya nne, ule usiotumiwa na yeyote, jirani na mlango wangu. Akatangulia yeye kupanda ngazi, na magoti yake mabovu. Wakafuata wengine mmoja mmoja, jasho linawatiririka. Mwenye gari jeupe aliketi kwenye ngazi ya mwisho akaomba maji. Nilitoka chumbani kwa fimbo. Mimi peke yangu sikuhema.
Bi Somoe hakunitaja. Hakuniombea huruma. Hilo ndilo ninalomheshimia zaidi. Alingoja wapumue, akauliza: "Haya, jamani. Tuzime kipi?"
Mikono yote dhidi ya bwawa. Hata wa jirani yule, akiwa bado ameketi.
Nimefanya kazi chini ya wakuu wengi, wenye vyeti vizito. Hakuna aliyeongoza hivi.

Jumatano, 23 Oktoba
Bwawa limekaushwa, limesuguliwa. Leo wanawake wa jengo wameanika makopa humo. Mihogo imemenywa, imepasuliwa, imetandazwa juu ya vigae vyeupe. Jua linapiga juu, vigae vinarudisha chini. Mbuzi hawafiki. Mke wa mwenye gari jeupe amepewa pembe yake. Tangu jengo lijengwe, bwawa halijapata watu wengi namna hii. Ni wazo la Bi Somoe. La nani tena?

Ijumaa, 1 Novemba
Kalamu nzito. Leo nimeshuka mara moja tu, na nilikuwa na shughuli: kukaa kando ya makopa. Bi Somoe alikuwa akiyageuza. Nilimwambia siku yangu ikifika, nishushwe kwa lifti.
"Lifti fupi hii, Mwalimu. Utashuka wima, kama ulivyokuwa ukiwasimamisha watoto wa watu."
Tulicheka mpaka nikakohoa. Akanishika bega mpaka kikohozi kikatulia. Kisha akasema atalala mlangoni mwa lifti, na jeneza halipiti mpaka mtani apewe chake. Ndiyo desturi ya watani msibani.
Nimefunga kitambaa chekundu kwenye fimbo yangu, nimeiegemeza mlangoni. Siku hiyo watajua ni ya mtani wangu.