Mama, Nilimzika Bi Nesi Bila Sanduku

Chumbi, Rufiji

Mama yangu mpenzi,

Kamwene! Bwana Yesu asifiwe. Mimi huku ni mzima wa mwili. Habari za roho utazisoma humu, na tafadhali usiruke ukaenda mwisho kama unavyofanya siku zote. Goti lako linaendeleaje? Dada ameniambia bado unapanda kile kilima kwenda mazoezi ya kwaya, eti bila wewe sauti ya pili inalegea. Mama, iache ilegee kidogo. Huko kwenu najua baridi imeanza kuuma, na mimi huku natoka jasho hata nikiwa nimekaa kivulini nasoma Biblia.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini simu yako huwa unaiweka sauti kubwa, nyumba nzima inashiriki mazungumzo, mpaka jirani anachangia kutoka uani. Jambo hili nataka ulisikie wewe kwanza, na ulisikie lote. Ndiyo maana nimempa bibi shamba wetu, ambaye kwao ni Makambako na anakuja likizo, akuletee mkononi.

Unajua kanisa letu hapa ni banda la mabati, na tukijaa tuko saba: wafanyakazi wa serikali wachache na familia moja ya wafugaji. Wenyeji wote ni Waislamu. Tangu nije sijabatiza mwenyeji hata mmoja. Kila taarifa ninayompelekea mchungaji kule Kibiti naandika kwamba tunaendelea kupanda, mpaka safari moja akaniuliza kama huku kwetu kuna msimu wa kuvuna au la. Nilicheka, lakini iliniuma.

Katika hao saba alikuwemo Bibi Rahabu, mtu wa Tukuyu, niliyekuwa nakutajia. Alikuja hapa msichana, akiwa nesi wa zahanati, akazalisha akina mama wa kijiji hiki mpaka akastaafu, na alipostaafu hakurudi kwao. Kijiji kizima kilimwita Bi Nesi. Alilima mpunga bondeni kama wenyeji, na msimu wa ndege alikaa juu ya dungu, kile kibanda chao cha miguu mirefu, akipiga debe na kuwafokea ndege kana kwamba ni wagonjwa wakaidi. Kwangu alikuwa mama wa pili, usione wivu. Baada ya ibada alikuwa ananiambia, “Mwinjilisti, leo umepiga kelele mno. Kwani Mungu kiziwi?”

Amefariki, Mama. Aliugua hukohuko bondeni wakati wa kuamia ndege, wakamleta nyumbani, na asubuhi yake hakuamka. Ndugu pekee tuliyempata kwenye simu ni mpwa wake aliye mbali, akasema, “Ndugu zake ni nyie, mzikeni hukohuko.” Mchungaji alikuwa safarini, akaniruhusu niongoze mazishi mwenyewe. Nikaenda Ikwiriri kwa seremala kutafuta jeneza. Nikamwacha mzee wetu wa kanisa, Mwalimu Gidion, akae na msiba.

Seremala alichelewa. Niliporudi na jeneza juu ya guta la miguu mitatu, mawingu yakiwa yametanda, kaburi lilikuwa tayari. Hakuna aliyewaomba wenyeji. Huku mtu akifa wanaume wanachukua majembe, hawangoji kualikwa. Walikuwa wamempima Bi Nesi kwa ufito wakachimba kama wanavyowachimbia watu wao: shimo jembamba, na chini yake wakachonga mwanandani, ule mfereji anamolazwa maiti bila sanduku, kisha mbao zikatwe zifunikwe juu ndipo udongo urudishwe. Mama, nilichungulia nikaona kazi safi kabisa. Kuta zimenyooka kama zimepigwa randa. Na jeneza langu halikuingia. Seremala alilitanua maana nilimwambia marehemu alikuwa mnene, likakwama pale mdomoni, upande mmoja juu, mwingine chini.

Tukajaribu kupanua. Udongo wa huku ni kichanga, ukiugusa unaporomoka. Ukuta mmoja ukamwagika nusu. Matone yakaanza. Watu wote wakaniangalia mimi. Mzee Athumani, aliyekuwa kiongozi wa wachimbaji, akaja karibu akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, “Mwanangu, siye hatukujua kama sanduku ndo kubwa hivi. Kosa letu. Lakini mvua hii ikishuka, shimo lote litajaa maji. Sema wewe.”

Nikasema tumtoe kwenye jeneza. Ilihitajika nguo nyeupe, na hatukuwa nayo. Bi Mwanahawa, jirani yake Bi Nesi, mama wa umri kama wako, akaondoka mbio akarudi na sanda yake mwenyewe. Wazee wa huku wengi wanaiweka tayari kwenye sanduku la nguo, siku yao ikifika wasisumbue watu. Nilipokataa alinifokea: “Mimi ntanunua nyingine, bado sijaitwa. Huyu ndo keshaitwa.” Akina mama wakamfunika kwa kanga, wakamvalisha ile sanda juu ya gauni lake la kanisani.

Aliposhushwa, Mzee Athumani akiwa ndani ya kaburi aliinua uso akaniuliza, “Tumlazeje?” Wao humlaza kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Sikuwahi kuulizwa swali hilo maishani. Kwetu anaulizwa seremala, misumari inamaliza. Nikajibu, “Mlazeni kama mnavyowalaza wenu.” Wakamlaza hivyo. Nikasoma ibada yote, nikatupa udongo, tukaimba wachache tuliokuwepo, na Mzee Athumani alipoomba apige dua nikamwambia apige. Mvua ilitunyeshea tukiwa tumeshamaliza.

Yale maneno yangu machache, “Mlazeni kama wenu”, Mama, ndiyo yamewasha moto. Kuna mtu alipiga picha, ikazunguka kwenye simu za washarika mpaka Kibiti. Mchungaji akanipigia. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema, “Ezekia, umemzika Mkristo akielekea kibla.” Jumamosi hii baraza la wazee linakaa na mimi nimeitwa. Wanataka Bi Nesi afukuliwe azikwe upya ndani ya jeneza, na wanataka mimi ndiye niliombe jambo hilo kwa kijiji na kutubu mbele ya baraza. Nikikataa, safari yangu ya chuo cha uchungaji imekwisha, na sijui kama watanibakiza hata kwenye uinjilisti.

Najua umeshawatangazia akina mama wote wa kwaya kwamba mwakani mwanao anaenda chuo. Nisamehe. Hilo linaniuma kuliko chuo chenyewe.

Ingekuwa rahisi kama Mwalimu Gidion angekuwa mtu mbaya. Sivyo alivyo. Alikuja kwangu kesho yake ya mazishi, tukagombana, na kwenye ugomvi akanitupia neno: “Ulitumwa kunasa watu, naona umenaswa wewe.” Nikakasirika, nikamwambia yeye analilia mbao za sanduku. Ndipo akaanza kulia kweli, mwanaume yule, akasema, “Bi Nesi ndiye aliyempokea mwanangu wa kwanza duniani. Mwinjilisti, sisi huku ni saba, sasa sita. Tukizikwa kama wao, nani atajua kwamba tulikuwepo?” Swali hilo natembea nalo mpaka leo, Mama.

Kisha nikaenda kwa Mzee Athumani, maana niliona kabla ya kupeleka kwa kijiji ni adabu nianze na aliyechimba. Nilimkuta anashona jamvi. Nikazungukazunguka, mara habari za mpunga, mara habari za mto, mwisho nikamweleza kwamba wakubwa zangu wanataka kaburi lifunguliwe. Nilitegemea ang’ake. Kwao kufukua maiti ni jambo zito sana. Yeye akamaliza ukili, ule utepe wa kusuka aliokuwa ameushika, akasema, “Siye tulichimba vile kwa kuwa ndivyo tunavyowachimbia mama zetu. Namna nyingine hatuijui. Majembe yapo. Mkiamua, njoo utuoneshe, tutawachimbia na hilo jingine.”

Nikashukuru, nikaaga.

Sasa nieleze, Mama, wewe uliyenifundisha Sala ya Bwana kabla sijajua kusoma. Nilikuja huku nikijiona mwenye taa, nikiwaonea huruma watu walio gizani. Sasa sijui nani anammulikia nani. Usiogope, sijaiacha imani. Namwomba Yesu yuleyule, tena zaidi ya zamani. Ila zamani nilikuwa naomba kama mtu anayetoa taarifa, siku hizi naomba kama mtu aliyepotea njia. Je, huko ndiko kukua au ni kudidimia? Mwalimu wetu wa Biblia alisema imani ikikua mtu anapata hakika. Yangu, kila ikiongezeka, hakika inapungua.

Na kuna jambo linalonisumbua kuliko yote. Pale kaburini sijui nilisema vile kwa upendo au kwa woga. Siku nyingine najiambia nilimheshimu marehemu na nikaheshimu jasho la majirani. Siku nyingine najiona nilikuwa nimelowa jasho, nimechoka, nimeaibika na sanduku langu lililokwama, nikatafuta neno lolote la kumaliza. Mungu anaujua moyo wangu, mimi siujui. Sasa nitatubu nini mbele ya baraza? Siwezi kutubu jambo nisilojua kama ni kosa, na siwezi kujisifu kwa jambo nisilojua kama ni jema.

Nimeamua moja tu. Sitaomba Bi Nesi afukuliwe. Jumamosi nitapanda gari niende Kibiti, nitawaambia hivyo, na nitawaambia pia kwamba Mwalimu Gidion ana haki ya kulia. Tumeshakubaliana naye kuchonga msalaba wa mbao ngumu na kuusimamisha pale, jina la Bi Nesi likiwa limeandikwa vizuri. Alikubali kwa kichwa tu, hajaniangalia usoni. Baraza likinifukuza, nitakuja nyumbani tulime viazi. Usiwaambie kwaya bado.

Nisalimie Dada na shemeji, mwambie shemeji redio yake sijaisahau. Msalimie Mjomba Fute na umwambie apunguze kubishana na daktari. Salamu kwa Bibi mzaa baba, mshikie mkono umwambie ni mimi. Na watoto wa Dada wote, hasa yule mdogo aliyeniuliza kama huku viboko wanakwenda kanisani. Mwambie bado hawajajiunga.

Nilitaka kufunga hapa lakini nikifunga nitakuwa nimekuficha kitu. Siku ile nilipoaga kwa Mzee Athumani alinisindikiza mpaka njiani, kama desturi yao. Tulipofika pa kuachana akanishika bega akauliza, bila mzaha wowote, “Na wewe je, mwanangu? Kwenu mbali. Ukitufia huku, siye tuchimbe vipi?”

Nikafikiria kaburi la Baba pale nyuma ya nyumba, na ile nafasi kando yake ambayo hukuruhusu mtu aipande hata maharage. Nikafikiria sanduku. Nikafikiria wale wanaume wakishuka na majembe bila kuitwa, wakinipima kwa ufito. Yeye akasubiri, maana kwake lilikuwa swali la kazi, anataka kujua ili siku ikifika asikosee tena. Nikamwambia lazima kwanza nimuulize mama yangu.

Basi ndiyo nakuuliza.

Mwanao akupendaye,
Ezekia